Kumfundisha Mtoto Kuisoma Nyumba

Katika mazungumzo ya leo napenda tutazame habari za nyumba. Sitasema juu ya bei ya mabati wala ya saruji, maana hayo mwayajua kunishinda. Nitasema jinsi mtoto awezavyo kufundishwa kuifikiri nyumba kabla haijajengwa, na kwa nini mafunzo hayo yana faida kubwa kwetu sisi wa Tarime na Serengeti.

Katika vitu vyote avitumiavyo mwanadamu, ni vichache avitumiavyo saa nyingi kama nyumba. Ndani yake twalala, twapika, twazaliwa na twauguzwa. Walakini katika shule nyingi mtoto hufundishwa majina ya mito na milima ya nchi za mbali, asifundishwe kwa nini chumba akaacho kina joto kali saa saba ya mchana. Aweza kutaja sehemu zote za ua la mmea, wala hawezi kutaja sehemu za paa lililo juu ya kichwa chake.

Kazi ya kuifikiri nyumba kabla ya kuijenga huitwa usanifu wa majengo, na mwenye kazi hiyo huitwa msanifu. Mwashi hujenga ukuta, na seremala huunda paa. Msanifu huuliza kwanza: Nyumba hii ni ya nani? Jua latoka wapi? Maji ya mvua yatakwenda wapi? Mtu akitaka kutoka upesi, atapita wapi? Majibu yake huyachora katika karatasi, na mchoro ule ndio tuuitao ramani ya nyumba. Kijijini aghalabu mtu mmoja hushika kazi zote tatu, naye huenda asiitwe msanifu maisha yake yote. Lakini maswali ni yale yale.

Watu wengi hudhani elimu hii ni ya chuo kikuu peke yake. Ni kweli kwamba vijana wetu watakao kuwa wasanifu huenda Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu Ardhi, ambacho kilipata daraja la chuo kikuu kamili mwaka 2007. Lakini ziko nchi ambazo huanza mapema zaidi. Katika mji wa Helsinki, nchi ya Finland, iko shule iitwayo Arkki, iliyoanzishwa mwaka 1993, nayo hufundisha usanifu kwa watoto na vijana. Hata umoja wa wasanifu wa ulimwengu mzima, tangu mwaka 2011, hutoa tuzo kwa wale wanaowafundisha watoto mambo ya majengo. Nia yao si kumfanya kila mtoto msanifu, kama vile kufundisha hesabu si kumfanya kila mtoto karani wa benki. Nia yao ni kwamba kila mtu ajue kuisoma nyumba kama ajuavyo kuisoma barua.

Basi, je, mpaka twende Helsinki? Hapana. Elimu hii ilikuwapo kwetu zamani, na vifaa vyake vyapatikana katika kila kijiji.

SHULE YA ZAMANI

Wakurya wa Tarime, na majirani zao wa Serengeti, yaani Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo, walijenga nyumba za mviringo kwa miti, fito, udongo na nyasi. Katika mji wa Kikurya zizi la ng'ombe lilikuwa katikati, na nyumba zililizunguka, ili mali ya ukoo iwe mbele ya macho ya wote. Hakuna mtu aliyesema, “Leo tuna somo la ujenzi.” Mtoto alifuatana na wakubwa wakienda kukata miti, akakanda udongo pamoja nao, akawapa fito waliokuwa juu ya paa. Kila aliloliuliza alijibiwa pale pale, na jibu aliliona kwa macho. Alijua mti upi mchwa huushinda kwa mwaka mmoja na upi hudumu. Alijua kwamba paa la nyasi sharti liwe na mteremko mkali, kwa kuwa nyasi zilizolala huyashika maji zikaoza.

Hata leo mwalimu aweza kuwapeleka wanafunzi wake kwa bibi mmoja mwenye nyumba ya zamani, nao wakamsalimu kwa adabu na kumwuliza, “Bibi, kwa nini upenu wa nyumba yako umeshuka chini hivi?” Naye atawajibu, “Wajukuu zangu, mvua ya huku haianguki wima, upepo huisukuma. Upenu ukiwa mfupi, masika mawili tu udongo wa ukuta umekwisha.” Hilo ni somo la usanifu, na mwalimu wake ni yule bibi.

Tuchukue jambo moja tuone jinsi wazee walivyokuwa na hesabu nzuri mikononi mwao ingawa hawakuiandika. Kwa nini nyumba ilikuwa ya mviringo? Mwalimu na achukue kamba yenye urefu wa mita 12, aziunganishe ncha zake mbili, awatoe wanafunzi uwanjani pamoja na vigingi vinne. Kamba hiyo ni mfano wa ukuta. Kwanza waifanye mstatili wenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 1. Eneo la ndani ni mita za mraba 5. Halafu waifanye mita 4 kwa mita 2: wapata 8. Kisha mita 3 kwa mita 3: wapata 9. Mwisho waondoe vigingi, waivute kamba iwe duara kamili. Wakipiga hesabu wataona kwamba eneo la ndani ni karibu mita za mraba 11 na nusu. Ukuta haukuongezeka hata kidogo. Fito ni zile zile na udongo ni ule ule. Lakini nafasi ya kukaa imezidi mara mbili ya ile ya kwanza. Mtu ajengaye kwa miti aliyoikata kwa shoka na kuibeba begani hawezi kuidharau hesabu hiyo.

Wala elimu ya wazee haikuwa ya udongo peke yake. Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Migori nchini Kenya, wako majirani zetu wenye ngome ya kale iitwayo Thimlich Ohinga. Wataalamu wanakadiria kwamba ilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake ni za mawe matupu, bila saruji wala udongo wa kushikamanisha, na kimo chake ni tangu mita 1 na nusu mpaka mita 4 na nusu. Siri yake ni mpangilio. Mawe yalipangwa upande wa nje na upande wa ndani, na katikati yakajazwa mawe madogo, hata kila jiwe likamshika mwenziwe. Milango ilifanywa midogo, na juu yake yakalazwa mawe marefu kuwa vizingiti. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliitia ngome hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wa Tarime, ambako mawe yametapakaa vilimani, wanaweza kuitazama kazi ile wakatambua kwamba waliojenga hawakupanga jiwe lo lote bila sababu.

UZI ULIPOKATIKA

Siku hizi nyumba nyingi zina pembe nne, kuta za tofali za kuchoma, na paa la bati. Mimi siyakatai mabadiliko hayo. Bati halishiki moto kama nyasi, hudumu miaka mingi, na maji ya mvua yatirikayo juu yake yaweza kukingwa na kutumiwa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita ya mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Basi paa linalofunika darasa la mita 8 kwa mita 6, mvua ya milimita 10 ikinyesha, hupokea lita 480, hata kama zote hazifiki pipani. Hiyo ni hesabu nzuri ya darasa la tano au la sita.

Lakini katika mabadiliko hayo jambo moja limepotea. Nyumba ya zamani ilikuja pamoja na sababu zake. Nyumba mpya imekuja bila sababu zake. Twaona jirani amejenga hivi, nasi twajenga vivyo hivyo. Bati hupata moto upesi juani, na pasipo dari wala tundu la juu la kutolea hewa, joto lote huwashukia watoto. Mvua kubwa ikinyesha, mwalimu hufumba kinywa, maana sauti yake haisikiki. Upepo ukiingia chini ya paa ambalo halikufungwa vema ukutani, huling'oa. Mambo haya yote yaweza kuzuiwa, na mengi kwa gharama ndogo, kama mtu angeyauliza kabla ya kujenga.

Hapa ndipo penye neno zito. Shule zetu hatujengewi na watu wa mbali tu. Katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi wa mwaka 2002 mpaka 2006, wanavijiji walichanga nguvu zao, wakachimba misingi na kubeba mawe na mchanga. Mwaka 2021 serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 katika nchi nzima kwa fedha za kupambana na maradhi ya UVIKO-19. Na kwa utaratibu ambao watu huuita fosi akaunti, fedha za ujenzi hupelekwa shuleni, na kamati ya watu wa pale pale huchagua mafundi, hununua vifaa na kuisimamia kazi. Kamati hiyo hukabidhiwa ramani. Basi najiuliza: katika watu wanaokaa kuizunguka meza ile, ni wangapi wawezao kuisoma? Na asiyeweza kuisoma atamwambiaje fundi kwamba mlango umewekwa mahali pasipo pake, au kwamba nondo zilizotiwa ni chache kuliko zilizoandikwa?

Kosa la ujenzi lina bei tatu. Likiwa katika karatasi, hufutwa kwa raba. Likiwa katika msingi, hutaka jembe, sururu na fedha nyingine. Likiwa limekwisha kupanda mpaka juu, huenda likalipwa kwa roho za watu. Tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam lilianguka, na watu 36 wakafa. Tarehe 23 Septemba 2019, katika jiji la Nairobi, jengo la shule ya msingi liliporomoka asubuhi watoto wakiwa darasani, na wanafunzi wasiopungua 7 walipoteza maisha. Sisemi kwamba mtoto ajuaye kuchora angaliyazuia hayo. Nasema kwamba mahali ambapo watu wengi wajua kulisoma jengo, hatari hupata macho mengi ya kuiona mapema.

KUBEBA SI KUJIFUNZA

Mtu mmoja ataniambia, “Mwalimu, watoto wetu wamekuwa wakifanya kazi za ujenzi shuleni tangu zamani.” Ni kweli. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alitoa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule zisitenge kazi za mikono na masomo ya akili. Wanafunzi wengi wa siku zile walifyatua tofali na kuchota maji ya ujenzi. Lakini yatupasa tuseme waziwazi kwamba kubeba tofali si kujifunza ujenzi. Mtoto abebaye tofali mia bila kuulizwa neno amepata uchovu tu. Mtoto abebaye tofali moja, akaulizwa kwa nini safu ya juu haipangwi ili viungo vyake vifuatane na viungo vya safu ya chini, huyo amepata elimu. Tofauti ni lile swali.

Kwa hiyo ninapotaja mafunzo ya usanifu sikusudii kuwafanya watoto vibarua, wala kuwapandisha juu ya mapaa. Kazi nzito na za hatari ni za watu wazima. Kazi ya mtoto ni kupima, kuchora, kufinyanga mfano, kujaribu na kuuliza.

MASOMO MATANO

Sasa nitaeleza masomo matano ambayo mwalimu ye yote aweza kuyafundisha, hata kama shule yake haina kifaa cha kununua.

Somo la kwanza ni kupima. Wanafunzi na wapime urefu wa hatua zao, kisha walipime darasa lao kwa hatua, halafu kwa kamba yenye mafundo ya kila mita. Wafundishwe pia kuijua pembe mraba kwa njia ya waashi. Kutoka katika kona wapime mita 3 upande mmoja na kutia alama, kisha mita 4 upande wa pili na kutia alama. Ikiwa kutoka alama hii mpaka alama ile ni mita 5 kamili, kona imenyoka. Ikizidi au ikipungua, kona imepotoka. Wanafunzi wa sekondari huikariri kanuni hii kwa jina la Pythagoras; afadhali waione ikifanya kazi katika kona ya darasa.

Somo la pili ni kuchora. Darasa la mita 8 kwa mita 6 haliingii katika daftari, kwa hiyo twakubaliana kwamba kila mita 1 itakuwa sentimita 1. Mtoto huchora mstatili wa sentimita 8 kwa 6, kana kwamba paa limeondolewa naye ni ndege atazamaye kutoka juu. Hutia milango na madirisha mahali pake, huonyesha madawati, na huandika kaskazini ni upande gani. Mtoto aliyekwisha kuchora ramani ya chumba akijuacho hataiogopa ramani ya chumba asichokijua.

Somo la tatu ni jua na upepo. Simamisheni kijiti uwanjani, mtie alama mwisho wa kivuli chake kila saa. Miji ya Tarime na Mugumu iko kati ya digrii 1 na digrii 2 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo adhuhuri jua huwa karibu juu ya vichwa vyetu, likielekea kaskazini kidogo mwezi wa Juni, na kusini kidogo mwezi wa Desemba. Lakini asubuhi na jioni huwa chini, nalo huingia moja kwa moja katika madirisha ya mashariki na ya magharibi. Ndiyo sababu yafaa kuta ndefu za darasa zitazame kaskazini na kusini, na kuta fupi zitazame mashariki na magharibi. Tena madirisha yawe katika kuta mbili zinazoelekeana, ili upepo uingiao huku utokee huko.

Somo la nne ni nguvu ya umbo. Mpe kila mtoto mabua manne ya mtama na kamba ya mgomba, aunde mraba. Akiusukuma kwa kidole, utalala upande. Kisha aongeze bua la tano kutoka kona mpaka kona. Akiusukuma tena, hautalala. Mraba umegawanyika ukawa pembetatu mbili, na pembetatu haibadili umbo lake ila mti uvunjike au fundo lifunguke. Hapo mtoto atainua macho yake kutazama kenchi za darasa lake, na kwa mara ya kwanza ataelewa kwa nini seremala aliweka mbao zile za mshazari, na kwa nini mtu haruhusiwi kuzikata hata moja ili apate nafasi ya kutundika taa.

Somo la tano, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kuwauliza wale watakaolitumia jengo. Wanafunzi na wapewe kazi ya kubuni choo cha shule, au maktaba ndogo, au jiko. Kabla ya kuchora, wawaulize wenzao. Mtoto wa darasa la kwanza atasema kwamba komeo la mlango liko juu mno. Mwenye ulemavu wa miguu atasema kwamba ngazi tatu za mlangoni kwake ni kama mlima. Msichana atasema kwamba choo kisicho na mlango wala maji humfanya akae nyumbani siku kadhaa za kila mwezi. Mpishi atasema kwamba moshi haupati pa kutokea. Ndipo watoto hao waunde mfano wa udongo na mabua, wauweke mezani, na kuwaita wazee wa kamati waje kuutazama. Neno ambalo mtoto haoni njia ya kulisema mbele ya wakubwa, mfano ule wa udongo utalisema kwa niaba yake.

MTOTO MMOJA WA KIJIJI

Nitawapa sasa mfano wa nchi ya Burkina Faso, huko Afrika ya Magharibi, ambako jua ni kali kuliko letu. Katika kijiji cha Gando alizaliwa mtu aitwaye Francis Kéré. Alipokuwa mtoto alisoma katika darasa lililojaa watoto, lenye joto jingi na mwanga haba. Akajifunza useremala, akaenda Ujerumani, na huko akasomea usanifu. Alipokuwa bado mwanafunzi alikusanya fedha ili aijengee Gando shule ya msingi, nayo ikamalizika mwaka 2001.

Hakutaka kuleta jengo la Ulaya. Alitumia udongo wa pale pale uliochanganywa na saruji kidogo na kukandamizwa kuwa matofali. Juu ya vyumba aliweka dari yenye matundu, na juu ya dari akaliinua paa la bati lisiigusie, hata pakawa na nafasi kubwa katikati. Hewa ya moto hupanda, hupita katika matundu, na upepo huichukua. Upenu wa paa ulifanywa mpana ili mvua isipige ukuta wa udongo, kama vile yule bibi alivyotuambia. Kijiji kizima kilijenga: wanawake walileta maji, na watoto walileta mawe ya msingi. Shule hiyo ilipata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote za wasanifu. Naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Yote hayo yalianza kwa mtoto aliyekaa katika chumba kibaya akajiuliza kwa nini ni kibaya.

KUTOKA NYUMBA MPAKA KIJIJI

Mtoto ajuaye kuchora ramani ya nyumba moja yu karibu kujua kuchora ramani ya kijiji, na faida ya jambo hilo imeonekana hapa hapa kwetu. Mjini Mugumu, wilaya ya Serengeti, mwaka 2014 ilifunguliwa nyumba salama ya kuwapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa, na bibi mmoja ajulikanaye sana kwa kazi hiyo, Rhobi Samwelly, aliiongoza. Taabu moja ilikuwa hii: msichana hupiga kelele ya msaada kutoka kijiji fulani usiku, na waendao kumwokoa hawaijui njia, kwa kuwa vijiji vyetu vingi havikuonekana katika ramani. Mwaka 2015 ulianzishwa mradi uitwao Crowd2Map. Watu wa kujitolea wa nchi nyingi walitazama picha zilizopigwa kutoka angani, wakachora nyumba na njia. Na watu wa huku wenyewe, wakishika simu zao, wakatia majina ya vijiji, shule, zahanati na mito. Mstari mmoja uliochorwa sawasawa wawafikisha waokoaji mlangoni kwa mtoto kabla hajapata kudhuriwa. Tusiseme tena kwamba kuchora ni mchezo wa watoto.

MLANGO UKO WAZI

Wengine watasema, “Ratiba imejaa, na darasa lina watoto themanini.” Nami ni mwalimu, nayajua hayo. Lakini sikuomba somo jipya. Kamba ya mita 12 ni hesabu. Kivuli cha kijiti ni jiografia na sayansi. Kumwuliza bibi habari za upenu ni historia na lugha. Na watoto themanini wakigawanywa watano watano ni makundi kumi na sita, kila kundi na kamba yake, kazini uwanjani. Huenda utulivu ukawa mwingi kuliko darasani.

Tena wakati wenyewe wafaa. Sera ya Elimu na Mafunzo, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka mikondo miwili katika sekondari, mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na masomo ya amali yameanza katika baadhi ya shule tangu mwaka 2024. Kwa vijana walioacha shule mapema viko vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama kile cha Tarime, ambako ufundi hufundishwa. Mtoto atakayeingia huko akiwa amekwisha kuzoea kamba, kipimo na mchoro atakuwa mbele ya wenzake hatua nyingi. Na yule atakayebaki kulima na kufuga atakuwa mjumbe wa kamati asiyedanganywa kwa ramani.

Basi ninyi wanafunzi nawapeni kazi ya juma hili. Pimeni nyumba mnamolala kwa hatua zenu, muichore katika karatasi, sentimita 1 kwa mita 1. Tieni mlango, dirisha, jiko na kitanda. Andikeni jua la asubuhi laingilia wapi, na maji ya mvua yaenda wapi. Kisha mwulizeni baba au mama swali moja tu: “Kama tungeijenga tena, tungebadili nini?” Nanyi wazazi, msiwafukuze waulizapo. Wapeni karatasi, mkae nao, na mjibizane mpaka mwafikane. Ramani hiyo itunzeni. Siku mtakapochimba msingi mwingine, itawafaa.